"Simu Hii Anaishika Nani?": Karani wa Pongwe na Siri za Wagonjwa

Saa moja na nusu asubuhi, Praxeda Mhina amefungua dirisha la mapokezi la zahanati moja ya binafsi huko Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga. Haulizi mgonjwa anaumwa nini. Anauliza: "Simu hii anaishika nani?"

Mama aliye mbele yake anashangaa. "Ni ya nyumbani."

"Nyumbani mko wengi, mwanangu. Nani anaishika?"

"Baba Queen."

"Basi hiyo siiandiki."

Foleni inanung'unika. Praxeda, karani mwenye umri wa miaka 52, hajali. Siku hizi kila namba ya simu anaishuku kama muuza duka anavyoishuku noti iliyochanika.

Zamani hakuwa hivi. Mwaka jana zahanati yake iliunganishwa na hospitali na vituo vingine kwa teknolojia ya blokcheni. Kwa lugha nyepesi, taarifa za mgonjwa hazikai tena kabati moja. Nakala zinatunzwa na taasisi zote kwa pamoja, kila taarifa mpya imefungamanishwa na iliyotangulia, na hakuna mkubwa wala mdogo awezaye kufuta kimyakimya. Kituo kikitaka kusoma, mgonjwa hutumiwa namba ya siri kwenye simu, aitaje mwenyewe.

"Innocent, yule fundi wa kompyuta, alituapia kwamba hata mwizi wa Ulaya haingii," anasema Praxeda. "Nikamuuliza, na mwizi wa Tanga je? Akacheka."

Mh! Angejua, asingecheka.

Miongoni mwa walioandikishwa mwanzo ni Sabiha, muuza vitumbua wa Mabawa, mjini Tanga. Si jina lake halisi, na amekubali habari yake iandikwe. Aliviacha makusudi vituo vya karibu na kwake, akawa anakuja Pongwe kwa siri kuchoma sindano ya uzazi wa mpango. Ana watoto watano. Uzazi wa mwisho ulimtoa damu nusura afe, na mumewe, Ayubu, alikuwa bado anataka mtoto mwingine.

Sabiha hana simu. Siku ya kuandikishwa alitaja namba ya mume, kama anavyoitaja shuleni kwa watoto na kwenye kikoba cha kuweka akiba. Praxeda akaiandika. Semina ilikuwa ya mchana mmoja tu, na hakuna aliyemwambia kwamba namba hiyo ndiyo ufunguo.

Siku ya sindano iliyofuata, Praxeda alifungua taarifa zake. Wakaisubiri namba ya siri.

"Nikamwambia, hebu tazama simu. Akasema, mama, simu si anayo Ayubu? Tukatazamana. Nikazifunga taarifa zake upesi, lakini ujumbe ulishatoka," anasimulia.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mfumo haukuibiwa hata herufi moja. Ulipeleka ujumbe palepale ulipoelekezwa: zahanati ya Pongwe inaomba kusoma taarifa za Sabiha.

Sabiha aliondoka mbio, sindano hakuchoma. Kesho yake Ayubu akasimama dirishani.

"Shikamoo, mama. Mke wangu anatibiwa nini huku?"

"Marahaba. Kamuulize mwenye mwili wake."

"Mimi ni mumewe!"

"Na mimi si mdomo wake, baba."

Hakuambulia neno. Lakini shaka ilishaingia nyumbani, na Sabiha akapigwa marufuku kukanyaga Pongwe.

Mwandishi alipomuuliza Innocent, alijibu kwamba mfumo "ulifanya kazi sawasawa." Na kweli ulifanya. Hilo ndilo linalotia hasira.

Praxeda ameomba wasio na simu wapewe kadi zao wenyewe zenye ufunguo. Hajajibiwa. "Sitaki mfumo ufe," anasema. "Mgonjwa akikimbizwa mjini bila hata karatasi, daktari aione historia yake. Ila wanaotuletea vitu hivi waje kwanza watuulize tunavyoishi."

Mwezi uliopita Sabiha alirudi, safari hii kwa ruhusa ya mumewe. Hakufuata sindano; alikuja kuanza kliniki ya wajawazito. Tumaini la Praxeda sasa ni ajifungulie hospitali kubwa, ambako watasoma mapema jinsi damu ilivyomtoka mara ya mwisho.

Alimuuliza aandike namba ipi.

"Andika ya Ayubu, mama," Sabiha akamjibu. "Sina tena cha kumficha."