Mawaridi Kichwa Chini

Fundi wa karatasi za ukuta, tuliyemwita airudishie nyumba ya bibi mjini Leeds, Uingereza, sura yake ya enzi za Malkia Victoria, aliugonga ukuta kwa kucha kwanza, kisha akaulowesha kwa sifongo taratibu, kama anayemwosha mtoto uso. Chai yake ilipoa kila siku. Juma zima alikicheka kipande kimoja cha sebuleni, ambacho mawaridi yake yalibandikwa kichwa chini. Bibi, maishani mwake, hakuwahi kukubali kibanduliwe.

"Mama, kipofu huyu mlimtoa wapi? Marehemu baba yangu alibandika nusu ya Leeds, hakukosea hata ua moja!"

Ijumaa akakibandua. Mafundi hawa huandika majina yao ukutani kabla ya kuufunika. Akasoma maandishi ya penseli, akaketi kwenye ngazi. Lilikuwa jina la baba yake, na chini yake: "Machi 4, 1958. Asubuhi hii nimepata mtoto wa kiume."

"Ndimi huyo," alisema polepole.

Jumatatu alibandika karatasi mpya ya mawaridi. Alipofika pale penye kile kipande akanitazama.

"Kigeuze, fundi."

"Wageni watakucheka, mama."

"Wacha wacheke."

Akaandika jina lake chini ya la baba yake, kisha akayageuza mawaridi kichwa chini.