Nafasi ya Besi

Mama yangu anaimba sauti ya pili. Ana miaka sabini na tisa, anashinda kwenye kiti cha plastiki barazani kwetu Kilosa, na mambo mengi yamemtoka: siku za wiki, majina ya wajukuu, habari kwamba baba alikwisha kufa. Sauti ya pili haijamtoka. Anaianza bila kutangaza, huku anachambua mchicha au anapuliza uji, na anaikamata mahali pake hasa, chini ya wimbo ambao sisi wengine hatuusikii.

Asiyewahi kuimba kwaya hawezi kuielewa adha hii. Sauti ya pili ikiwa peke yake si wimbo. Ni kama kumsikiliza mtu anayeongea na simu: majibu unayapata, maswali huyasikii. Inakaa kwenye nota moja muda mrefu, inapanda kidogo, inashuka, inarudi palepale. Mdogo wangu wa kike, anayeishi na mama na kumhudumia, alidhani mama anaugulia maumivu. Alimpeleka hospitali mara mbili, wakampima mpaka malaria.

Mimi niliutambua wimbo, tena niliutambua kwa ukimya wake. Baada ya mstari wa tatu mama ananyamaza, anainua kidole, kisha anapiga mapigo manne gotini. Hapo kwaya nzima ilikuwa inanyamaza na besi wanaingia peke yao. Ni wimbo wa Sikukuu ya Mavuno, aliotunga mwalimu wetu wa kwaya mwenyewe, na hakuna aliyewahi kuurekodi.

Mama hapiti pale. Anapiga mapigo manne, anasubiri, hakuna anayeingia. Anatazama mlangoni. "Wengine wako wapi?" anauliza. Halafu anaanza upya tangu mwanzo, kwa sababu mwalimu alitukataza kuendelea pale mtu anapokosea. Akikwama mara ya tatu au ya nne analia, na mdogo wangu ananipigia simu Mikumi, kana kwamba mimi nina kwaya mfukoni.

Mikumi ndiko ninakoishi. Napika kwenye hoteli ya barabarani, mabasi yanaposimama na abiria wanapewa dakika chache za kula. Nyimbo za dini ninazisikia kutwa nzima, zinafunguliwa kwenye kila basi, na kusema kweli zinanichosha. Nina miaka hamsini na mbili. Kanisani naenda Krismasi, Pasaka na misiba. Sikugombana na Mungu. Tuliacha tu kusalimiana, kama majirani waliozoeana mno. Lakini tangu mama aanze kuimba, kila siku yangu ya mapumziko napanda gari kwenda Kilosa.

Mwalimu wetu alifundisha kwa mtindo wa wazee wa misheni. Nota za do-re-mi aliziandika ubaoni kwa herufi, kila sauti na mstari wake, na kila mtu alinakili mstari wa sauti yake tu. Ukiijua ya mwenzako, alisema, utamfuata. Baada ya hapo tulitawanywa. Sauti ya kwanza walibaki kanisani, ya pili walikwenda nyuma ya nyumba ya kasisi, ya tatu kwenye darasa la shule, na sisi besi tulitupwa uwanja wa mpira tusije tukawaharibia wengine. Tulikutanishwa Ijumaa moja kabla ya sikukuu. Kwa hiyo wimbo mzima uliwahi kuwepo siku mbili tu, Ijumaa ile na Jumapili yenyewe, na hakuna aliyerudi nao nyumbani isipokuwa mwalimu.

Mwalimu alikwisha fariki. Nilikwenda kwa mjane wake kuulizia daftari kubwa lenye sauti zote nne. Aliniambia kwamba mwaka ule mto Mkondoa ulipofurika, maji yaliingia nyumbani kwao mpaka madirishani, wakaokoa magodoro na mbuzi. Mimi pia ningeokoa mbuzi.

Daftari la mama tulilipata kwenye sanduku la bati, chini ya vitenge. Mwandiko wake ni safi kuliko wangu hadi leo. Sauti ya pili, ukurasa hadi ukurasa. Pale kwenye ukimya ameandika neno moja, BESI, na mbele yake nukta nne.

"Si wewe ulikuwa besi?" mdogo wangu akaniuliza. "Imba basi, mama apumzike."

Nikamwambia nimesahau, ni zamani. Akaniamini, kwa nini asiniamini.

Mficha uchi hazai, basi nami niseme. Sikusahau, kwa sababu sikuwahi kujua. Baba alipofariki nilikuwa na miaka kumi na minane, na mama, aliyeogopa nisije nikaishia kwenye vilabu vya pombe vya Kimamba, alinishika mkono akanikabidhi kwa mwalimu wa kwaya. Zile herufi za ubaoni hazikuniingia hata kidogo. Nikaona aibu kusema. Nikasimama ubavuni kwa seremala mmoja mnene mwenye sauti ya kutosha watu watatu, nikawa nafumbua mdomo. Akipanua, napanua. Akifumba, nafumba. Hivyo miaka miwili, na joho langu limepigwa pasi vizuri kuliko ya wote.

Siku ya Mavuno, wakati watu wananadiana mikungu ya ndizi na majogoo nje ya kanisa, mama alisimama katikati ya wenzake akawaambia, "Mmemsikia mwanangu alivyoingia?" Nilikuwa karibu, nimeshika kuku wa mtu. Ningeweza kusema pale. Niliona uso wake, mara ya kwanza tangu msiba unang'aa, nikanyamaza. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka thelathini na minne na bado naitembea.

Na ubaya wake ni kwamba niliendelea na mtindo uleule. Kanuni ya Imani niliikariri kwa midomo. Sala ya Bwana pia. Sijui kama kuna siku niliyatamka maneno yale na sauti ikatoka. Watu wazima wenzangu wananiambia imani inarudi umri ukisogea, lakini mimi sijui nirudi wapi, kwa kuwa sikumbuki nilipokuwa.

Basi nikatafuta mtu mwingine yeyote, alimradi asiwe mimi. Yule seremala alikwisha kufa, besi amekwenda nayo. Lakini kinara wa sauti ya kwanza nilimpata Mikumi kwetu, mtaa wa pili kutoka ninapopika, mama wa miaka sabini na kitu anayesali sasa kwenye kanisa la vinanda na spika kubwa. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba, akaniwekea kigoda. Alikumbuka kila kitu: rangi ya majoho, jogoo aliyepotea kwenye mnada, binti aliyezimia kwa joto. Nikamwomba aimbe. Akafumba macho, akaanza vizuri, mwili ukanisisimka. Mstari wa pili ukageuka wimbo wa kanisa lake la sasa, na makofi juu. Akaacha, akaanza tena. Ukageuka wimbo mwingine. Mara ya tatu akafumbua macho na kuniambia nyimbo mpya zimekaa juu ya zile za zamani, hazinyanyuki.

Akanishika mkono. Akaniuliza kama walau mimi besi yangu ninayo. Nikamjibu kwamba sauti za wanaume huwahi kupotea. Uongo mwingine, mchana kweupe, kwa mama wa watu aliyenipa kigoda.

Jumapili iliyopita nilikuwa Kilosa. Mdogo wangu alikwenda ibadani, nikabaki na mama barazani. Hewa ilikuwa nzito, treni ya mizigo ilikuwa inapita polepole upande wa stesheni. Mama alianza kuimba kabla haijaisha kupita. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kidole juu. Akapiga mapigo manne na kutazama mlangoni.

"Wengine wako wapi?"

Nikamwambia watakuja. Akaanza upya. Nilijaribu kumpa maji, akasukuma kikombe. Nilijaribu kuimba naye sauti ya pili ile ile, ambayo kwa kuisikia sana ninaijua sasa, lakini akanitikisia kichwa kwa ukali, hiyo ni ya kwake. Akafika mstari wa tatu, akanyamaza, akapiga gotini, macho yakaanza kujaa. Nilijaribu hata kuomba. Sikujua niombe nini: arudishiwe akili, au kwaya ifufuke, au mimi nipewe nota nne tu kwa muda mfupi. Nilikaa pale mzee mzima, mwenye wajukuu, sina msaada wowote kwa mtu aliyenizaa.

Alipoanza mara ya tatu nikashindwa kuvumilia. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake.

"Mama," nikamwambia, "besi siijui. Sikuwahi kuimba. Nilikuwa nafumbua mdomo tu."

Alinitazama. Siku hizi akikutazama huwezi kujua anamwona nani, mwanawe, baba yake au jirani wa zamani. Alifuta mkono kwenye kanga, akaniwekea begani.

"Najua," akasema. "Seremala alikuwa anaimba na ya kwako."

Nilitaka kumuuliza alijua tangu lini, na kwa nini aliwaambia watu vile siku ya Mavuno. Hakunipa nafasi. Alianza wimbo tangu mwanzo. Mstari wa tatu ulipoisha akainua kidole, na safari hii hakutazama mlangoni. Alinitazama mimi, akanipigia mapigo manne begani, taratibu, moja moja. Nilifumbua mdomo, nikataka sauti itoke, yoyote, hata mbovu. Haikutoka. Mapigo yakaisha, na mama akaendelea na ubeti wa pili.