Nilivyoshuhudia polisi wakikimbiza lori Misigiri enzi za Mwingereza, na mpaka leo sijui nilikuwa upande gani

Wakuu, kwa umri wangu nadhani karibu wote humu mnatakiwa kuniamkia. Basi marahaba, hata ninyi ambao bado hamjafungua mdomo.

Nina miaka themanini na ushee. Account ni ya mjukuu wangu, kaniachia simu na kunisihi nisigombane na watu. Sijamwahidi.

Ninayoandika ni kweli tupu, haki ya Mungu. Kuna mahali pamoja tu niliwahi kudanganya, na nitapasema mwenyewe. Wale wa "bibi hii ni chai", kajipikieni yenu.

Juzi nimesoma uzi wa kijana aliyeona polisi wakifukuza gari highway, anajisikia kama yeye ndiye wa kwanza Tanzania nzima. Nikacheka peke yangu. Mwanangu, mimi niliona kabla baba yako hajazaliwa.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru. Nilikuwa nimeolewa Misigiri, huku Iramba, mwaka haujaisha. Barabara kuu ya kutoka Singida kwenda Nzega ilipita pale pale, vumbi tupu, na pale kijijini ndipo inapochepuka njia ya kwenda Kiomboi, kwenye hospitali ya misheni.

Magari yalikuwa machache. Lori likipita asubuhi mnalizungumzia mpaka jioni.

Siku hiyo tulikuwa tunapura mtama, mimi, mama mkwe na wanawake wengine wawili, uwanja wetu uko hatua chache tu toka barabarani. Jua la saa nne hivi. Mara tukasikia honi toka upande wa mlima Sekenke.

Sio honi ya pii pii. Honi isiyokata. Halafu nyuma yake nyingine, nayo haikati.

Hapa nisimame kidogo, maana ninyi watoto wa mjini hamtaelewa.

Kwetu yowe lilikuwa sheria. Wizi wa ng'ombe ulikuwa mwingi. Ukisikia yowe unalipokea, unalipeleka mbele kwa sauti yako, unashika chochote kilicho karibu na unaziba njia. Kuuliza ni baadaye. Asiyetoka anatozwa mbuzi, na anayepiga yowe la uongo naye anatozwa mbuzi.

Na kanuni ilikuwa moja: anayekimbia mbele ndiye mwizi, wanaokuja nyuma ndio wenye mali. Kwa ng'ombe kanuni hiyo ilifanya kazi vizuri sana.

Sasa picha likaanza. Likatokea lori, linahema, limebeba marobota ya pamba. Nyuma yake, ndani ya vumbi, Land Rover ya polisi. Msifikirie yale ya kwenye video zenu. Lori limetoka kupanda mlima, mwendo wenyewe mbuzi mwenye haraka angelipita. Lakini barabara ilikuwa nyembamba na dereva kakaa katikati, Land Rover haina pa kupenya.

Kilichonichanganya ni dereva wa lori. Kapiga honi mfululizo, mkono mmoja nje ya dirisha, anatupungia. Mwizi gani anajipigia yowe mwenyewe?

Mama mkwe akaacha fimbo ya kupuria. "We Naomi, nani anamkimbiza nani?"

"Sijui mama."

"Yule anapunga anataka nini?"

"Mama, sijui kwa kweli."

Kisha vumbi likafunguka kidogo nikaiona kofia ya askari kule nyuma. Aa. Basi kwisha. Mwenye mali yuko nyuma, mwizi yuko mbele.

Nikapiga yowe.

Wakuu, nilikuwa na sauti siku zile. Wakalipokea jirani, wakalipokea ng'ambo, dakika chache wanaume wametoka na mikuki na fimbo, mmoja ana povu la sabuni nusu ya uso, alikuwa ananyolewa. Mimi nilikuwa karibu zaidi. Nikalikimbilia lile tawi kubwa la miiba tunalofungia zizi, nikalikokota mpaka pale njia panda, nikalilaza barabarani. Wenzangu wakaleta mengine.

Lori likafunga breki, likateleza, likasimama futi kama kumi toka nilipo.

Dereva akaruka chini. Hakukimbia. Alikuja kwetu mikono juu, anasema kitu, na hakuna aliyemsikia kwa sababu ya yowe langu. Wanaume wawili wakamdaka, akala fimbo za mgongo. Nilisimama pale najisikia shujaa. Nasema ukweli, nilijisikia vizuri sana.

Land Rover ikafika. Akashuka Mzungu mmoja kijana, mwekundu kama nyanya, na koplo wake Mwafrika aliyekuwa anaendesha. Akashuka na mtu wa tatu ameshika kiwavu cha kitambaa. Huyo alikuwa mlinzi wa kizuizi cha mbung'o.

Enzi hizo kulikuwa na vizuizi barabarani, kila gari lisimame likaguliwe, wale inzi wa malale wakamatwe kwa wavu ndipo upite. Kumbe lori lilikuta kizuizi kule chini ya Sekenke, likapita na mti uliozibia njia. Polisi walikuwa wameegesha hapo hapo.

Jamani, tulivyochanganyikiwa! Mzungu anauliza kwa Kiingereza, koplo anageuza Kiswahili, mzee wetu mmoja anageuza Kinyiramba, jibu likifika kwa Mzungu yeye keshauliza lingine. Yule wa kiwavu hana habari na mtu, anazunguka lori anatafuta mbung'o wake. Dereva amebanwa chini anarudia neno moja tu: "Mgonjwa. Mgonjwa. Mgonjwa."

Na ndipo nikasikia sauti toka juu ya marobota.

"Naomi."

Nikadhani nimesikia vibaya. Ikaita tena, safari hii kwa Kinyiramba, ile namna ya kuita ya nyumbani kwetu tulipokuwa wadogo.

Alikuwa dada yangu Ana. Dada yangu wa tumbo moja! Aliolewa Shelui, bondeni. Siku ya pili alikuwa na uchungu na mtoto hatoki. Ndugu wa mumewe walikuwa wamembeba kitandani kwa miguu, wameshakata tamaa, ndipo wakakutana na lori hili. Dereva hawamjui, naye hawajui wao. Akawaambia mpandisheni, wao wafuate kwa miguu. Alijua lori la mizigo haliruhusiwi kubeba watu, na alijua kizuizini wangemshusha. Ndiyo maana hakusimama.

Nilikuwa bado nimeshika tawi, wakuu. Miiba imeingia viganjani wala sihisi.

Nikaanza kulivuta lile tawi nililoleta mwenyewe, napiga kelele wafungue njia. Watu wakanishangaa, dakika moja huyu anaziba, dakika moja anazibua. Wakamwachia dereva, akakimbilia usukani, akawasha. Kimya. Akawasha tena, mbele pakatoka mvuke mweupe, injini ikakataa kabisa.

Alipiga usukani kwa kiganja, akaulaza uso pale.

Yule koplo alikuwa amepanda juu ya lori kutazama. Aliposhuka akamwendea Mzungu, akasema naye maneno marefu. Mzungu akatazama saa, akatazama lori, akatutazama sisi na mikuki yetu. Nadhani hakuelewa nusu yake, lakini akaanza kutoa mizigo yake kwenye Land Rover mwenyewe kwa mikono.

Tukamlaza dada. Koplo akaendesha kuelekea Kiomboi, mama mkwe akapanda naye. Sijawahi kuona gari likikimbia vile, na safari hii hakuna aliyelifukuza.

Mzungu akabaki na sisi barabarani. Yeye na mfungwa wake, wote wawili kwenye kivuli cha lile lori bovu, wakinywa togwa yangu kibuyu kimoja. Dereva kafungwa kamba mikononi, nikawa namshikia kibuyu mdomoni. Akaniambia ahsante dada. Nusura nikidondoshe.

Ana alijifungua jioni ile. Mtoto wa kiume, na mama yake akapona. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu wangewakosa wote wawili.

Mtoto akaitwa Koplo. Ndiyo, Koplo, jina kamili, mpaka kanisani kabatizwa hivyo. Leo ni babu wa watu, na kila sherehe anasimama kusimulia jinsi polisi walivyomwokoa. Watu wanapiga makofi.

Dereva alifungwa miezi sita na leseni ikachukuliwa. Hakuna mtoto aliyeitwa kwa jina lake. Alikuwa anaitwa Ramadhani.

Sasa ndipo ninapochanganyikiwa, na nimechanganyikiwa tangu siku hiyo. Fundi aliyekuja kulivuta lile lori alisema maji yalikuwa yamekwisha zamani, lisingefika hata nusu ya njia, lingewafia porini. Kwa hiyo kumbe niliwaokoa? Lakini mwingine akasema lilikufa kwa sababu lilisimamishwa ghafla likiwa la moto, lingeachwa lingefika. Kwa hiyo nusura niwaue? Nimewauliza mafundi watatu maishani mwangu, na nimepata majibu matatu.

Baada ya ile siku wazee waliitisha baraza, wakauliza nani alianza yowe. Mama mkwe aliniona nimeinama, akadakia, "Yowe halina mwenyewe." Wazee wakafunga baraza, hakuna aliyetozwa mbuzi.

Miezi ilipopita, siku moja mchana nikaona mtu amesimama kando ya uwanja wetu, amekonda, kiatu kimefungwa kamba. Akaomba maji. Nilimtambua kabla hajamaliza kunywa. Nikamwamkia, shikamoo kaka. Akaitika.

"Yule mama alipona?"

"Alipona."

"Na mtoto?"

"Wa kiume. Mzima."

Akatabasamu sana, wakuu, meno yote nje. Akauliza anaitwa nani. Nikamwambia Koplo. Akacheka mpaka akaketi chini, halafu akaacha kucheka, akakaa anatazama ile njia panda.

"Dada, mimi sina kinyongo. Nataka tu kujua. Nani alianza lile yowe?"

Nami nikajibu, "Yowe halina mwenyewe, kaka."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Akanirudishia kata ya maji, akashika njia ya Singida kwa miguu. Dereva, kwa miguu. Sikumwona tena.

Funzo? Mjukuu ameniambia lazima kuwe na funzo. Mimi nililojifunza ni kwamba aliye mbele si lazima awe mwizi, na kuuliza kwanza hakumpunguzii mtu ujasiri. Lakini hilo mnalijua tayari, sio lililonileta.

Ramadhani kama alikuwa na watoto, basi wana wajukuu, na wajukuu wa siku hizi wote wako kwenye simu. Kama babu yako aliwahi kukusimulia alivyofungwa kwa ajili ya mama asiyemjua, njoo hapa chini uandike. Wengine nanyi semeni mnavyoona, matusi pia nitasoma.

Ila wewe mjukuu wake nataka ujue. Yowe lile lilikuwa na mwenyewe. Ni mimi.