Mama alitafuta njia ya Kibua mu jeu yangu

Leo nilipatia mama yangu telefone ajaribu jeu, muchezo wa mu telefone, yenye ninatengeneza. Mpaka sasa nasikia haya.

Mu jeu, watu wa bunduki wanaingia mu kijiji chenye nilichora sawa kile chetu, na muchezaji anapashwa kupigana nao.

Mama hakugusa bunduki hata kidogo!

Alibeba sufuria na mbegu ya maharagi, vitu vyenye havileti hata pointi moja. Akaenda mpaka mwisho wa kijiji, akagonga ukuta. Karte yangu, ramani ya jeu, inaishia pale.

«Njia ya kwenda Kibua iko wapi?»

«Mama, haiko. Unapashwa kupigana.»

Akanirudishia telefone polepole.

«Tulikimbia vita na njia ile, wewe nikikubeba mu mugongo. Nani njo aliifunga?»

Wandugu, mungemujibu nini? Juu ni mimi njo niliifunga.