Makaburi Yasiyokuwa Kwenye Ramani

Auleria alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka la Salum, katika senta iliyo mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kambi ya wakimbizi ya Lukole. Zamani pale palikuwa na maduka matatu na mashine ya kusaga. Wakimbizi Wanyarwanda na Warundi walipoingia mwaka 1994, na malori yakafuata, senta ikafura. Kufikia 1997 vibanda vilikuwa vimebanana hadi barabarani. Ndipo akatumwa mpima ardhi, Bwana Ndassa, Msukuma mpole mwenye miwani, aje aupange mji.

Ndassa aliita mkutano, akatandaza ramani mezani.

"Hapa soko. Hapa zahanati. Na hapa, kwenye eneo hili wazi, stendi ya magari."

Watu wakaitikia. Salum, mfanyabiashara ambaye babu yake alitoka Pangani, alifurahi kuliko wote, maana stendi ilichorwa mkabala na duka lake.

Auleria aliitazama ile karatasi asijue mlima uko upande gani wala kisima kiko wapi. Aliona haya kuuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha shule na cha sokoni, mambo mazito aliyazoea kwa Kihangaza, lugha ya kwao. Lakini alipofuatisha kidole cha mpima, aliinua mkono.

"Samahani, bwana mpima. Hilo eneo wazi ndilo lile lenye nyasi, chini ya mashine?"

"Ndilo, mama."

"Si wazi. Wamo watu."

Wengi walijua, ila hakuna aliyekuwa amesema. Mwaka ule wa 1994 kuhara damu kuliua wakimbizi na wenyeji, wakazikwa pale kwa haraka, bila hata msalaba. Mmoja wao alikuwa Nyirabahizi, Mnyarwanda aliyelala jikoni kwa Auleria wiki saba pamoja na binti yake, Josiane. Desemba 1996, Wanyarwanda waliporudishwa kwao, Josiane alipita mlangoni na mzigo kichwani. "Mama," alisema, "nakuachia mama yangu."

"Wenyewe wameshaondoka," Salum alisema. "Nani atadai?"

"Nadai mimi," alisema Auleria.

Ndassa akavua miwani. "Mama, nakuamini. Lakini siwezi kuchora kaburi nisilojua lilipo. Nionyeshe yanaanzia wapi na kuishia wapi. Ijumaa napeleka ramani wilayani."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Auleria na wanawake wenzake walizunguka kwenye nyasi hadi jua likazama, kila mmoja akionyesha mahali tofauti, wasikubaliane. Jumatano asubuhi akafunga cherehani, akaenda Lukole kumtafuta Habonimana, Mrundi aliyekuwa akiongoza wachimbaji wa makaburi. Mkimbizi hakuruhusiwa kwenda mbali na kambi bila kibali, kwa hiyo Auleria alikaa kwenye benchi la ofisi siku nzima, na kesho yake akarudi kukaa tena. Alhamisi saa sita kibali kikatoka: mwisho saa kumi na moja jioni.

"Unakumbuka kweli?" Auleria alimuuliza njiani.

"Tulichimba kwa mistari, mama. Tulianzia kwenye kichuguu kikubwa, hatua mbili mbili."

Walipofika, kichuguu hakikuwapo. Palikuwa na nyasi tupu. Habonimana akasimama, mikono kiunoni, akageuka huku na huku.

Salum alikuwa amesogea kutazama, pamoja na Ndassa na watu wengine. Akapita mbele, akapiga kisigino chini.

"Kilikuwa hapa. Nilikichimba mimi, udongo wake ndio matofali ya duka langu."

Habonimana akaanza kuhesabu hatua. Mguu ukadidimia kidogo, akasema, "La kwanza." Wanawake wakapigilia kigingi. Akaenda hivyo mstari hadi mstari, na kila mahali alipotaja, ukipapasa chini ya nyasi ardhi ilikuwa imebonyea. Mistari ilikuwa sita. Kwenye wa nne Auleria akapiga magoti, maana aliukumbuka ule mteremko alipozikwa Nyirabahizi. Akalia kidogo, bila sauti.

Ndassa hakurudi mezani. Alichukua kijiti akachora mji palepale mavumbini: "Mlima ule kule, kisima hiki hapa. Haya, stendi tuiweke wapi?" Sasa kila mtu alijua anachokitazama, na midomo ikafunguka. Wanawake wakataka stendi ihamie upande wa juu wa mashine, pasipotuama maji. Wakataka pia njia ya kisima isizibwe na vibanda. Salum akasema stendi ikienda huko, basi aachiwe kichochoro cha kufika dukani kwake. Wakacheka, wakampa. Ndassa akafungua ramani, akafuta kwa ufutio ile stendi na neno "wazi", akaandika "Makaburi".

"Jamani, saa kumi na nusu!" Habonimana akashtuka.

Salum akawasha pikapu yake. Walifika kwenye kizuizi cha kambi dakika chache kabla ya muda, Habonimana akaingia akipunga kofia.

Wakati wa kurudi Auleria alikaa mbele, kioo kikiwa wazi. Wiki mbili baadaye barua ilitoka wilayani kwamba ramani imepita ilivyo. Lakini jioni ile hakungoja barua. Alifika nyumbani, akapakua ndizi na maharage, akala akiwa amesimama. Tangu Jumanne alikuwa hajala mlo kamili.