Paka Asiyevuka Kizingiti

Mjomba wangu ni fundi makochi, na kwa miaka thelathini na minne hajawahi kumkabidhi mteja kochi linalolia. Hilo utalisikia kwake kabla ya salamu. Atakukalisha, atakuambia jitupe, jitupe kabisa, usiogope, kisha atainamisha kichwa na kusikiliza kama daktari. Kochi likinyamaza, anacheka peke yake. Mimi ni mtoto wa dada yake, karani wa shule, nakaa chumba cha nyuma katika nyumba hiyohiyo, kwa hiyo nimejitupa kwenye makochi mengi kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Karakana yake ndiyo sebule yetu. Ni chumba cha mbele chenye mlango mpana wa mbao unaotazama barabara, meza ya kukatia vitambaa, cherehani nzito ya mguu, magunia ya vipande vya sponji hadi karibu na dari, na harufu ya gundi ambayo wageni huilalamikia na sisi hatuisikii tena. Akiwa kazini huweka misumari midogo mdomoni, kumi au kumi na miwili, akaitoa mmoja mmoja kwa ulimi. Ukimuuliza jambo wakati huo utajibiwa "mm". Mambo mengi ya nyumba ile yameamuliwa kwa "mm".

Humo karakanani anaishi paka dume wa kijivu anayeitwa Mkaguzi. Jina alipewa na mkaza mjomba wangu, yaani mke wa Mjomba, kwa sababu kila kochi likimalizika yeye ndiye wa kwanza kulipanda, akazunguka mara mbili, akalala. Mama yake Mkaguzi alikuwa paka wa kutoka: asubuhi yuko kwa muuza nyama, mchana juu ya paa, jioni amerudi. Siku moja gari la maji likamkanyaga mbele ya mlango, Mjomba akiangalia. Miezi michache baadaye mkaza mjomba akaanza kuumwa, na siku zake za mwisho alimshika Mjomba mkono, akamtazama paka, akasema, "Huyu nitunzie." Basi. Hakusema ndani, hakusema nje. Mjomba alijitafsiria mwenyewe, na tangu tulipotoka kuzika, kwa miaka miwili, Mkaguzi hakuwahi kuvuka kizingiti.

Wala usidhani ulikuwa mchezo. Madirisha yote mawili yalipigiliwa wavu. Nyufa za mlango zilizibwa kwa vipande vya mpira. Mteja akija lazima agonge, asubiri Mjomba amtafute paka, ambebe kwapani, ndipo mlango ufunguliwe kiasi cha mtu kupita ubavu. Mteja mmoja mwenye mwili wake alikasirika akaenda kwa fundi mwingine. Mimi nikichelewa kufunga mlango nilisemwa kama mtoto, na mvi zangu mbili tatu kichwani. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na upande. Paka hanilipii kodi.

Aliyekuwa na upande ni Mama Nafaka. Huyu ana duka la mahindi na maharage mlango wa pili kutoka kwetu, alikuwa rafiki mkubwa wa mkaza mjomba, na kwa sababu hiyo yeye na Mjomba huitana shemeji. Panya walikuwa wanamtobolea magunia. Kila siku saa sita alikuja na chupa ya chai, akakaa kwenye kochi lolote lililo tayari, na kesi ikaanza upya.

"Shemeji, paka ni askari. Wewe umemfanya mfungwa."

"Huko nje kuna magari, kuna mbwa, kuna watu wanatega sumu. Tahadhari kabla ya hatari."

"Sumu mimi mwenyewe nimeacha kutega, nikitegemea ipo siku utalegea. Niazime usiku mmoja tu. Nitamrudisha ameshiba."

"Ameshiba panya! Na huyo panya unajua amekula nini?"

"Haya. Mwangalie basi, tumbo kama gunia. Juzi panya kapita hapa mbele yake, nimeona kwa macho yangu haya, akampisha."

Hilo ni kweli, nilikuwepo. Mkaguzi alikunja mkia ili panya apite. Mjomba alisema paka wake ana adabu, tukacheka wote watatu, na Mama Nafaka akamimina chai. Lakini nilikuwa pia naona jinsi paka yule alivyokaa dirishani kila alasiri, pua kwenye wavu, akiwaangalia ndege na meno yakimtetemeka. Ningesema nini, na Mjomba amemshikilia paka yule kama mtu aliyebakiwa na kitu kimoja?

Sasa, kochi lina tumbo. Ukilipindua, chini ni uwazi mtupu: mbao, springi, mikanda, na ndani ya ile mikono ya kuegemea kuna nafasi ya kuingiza mtungi. Mjomba hulilaza juu chini usiku mzima gundi ikauke. Asubuhi, kabla hata ya chai, hulifunga tumbo kwa kitambaa cheusi na bunduki yake ya pini, redio ikiwa juu: ta, ta, ta, dakika kumi kazi imekwisha. Zamani mkaza mjomba ndiye aliyepitisha mkono ndani kabla ya kufunga. Alishatoa humo mkasi, futi ya kupimia, na mara moja miwani ya Mjomba iliyotafutwa siku nne. Baada yake hakuna aliyepitisha mkono. Magoti ya Mjomba hayataki kukunjika, na mimi asubuhi nakimbilia shule.

Jumanne moja alifunga kochi la watu watatu la mwalimu mstaafu anayekaa upande wa pili wa mji. Pikapu ilipokuja kulichukua, Mjomba alimwita paka, hakumwona, akadhani amejificha nyuma ya magunia kama kawaida yake akisikia wabebaji. Alisimama mlangoni mwenyewe, miguu ameitanua kama golikipa, hadi kochi likatoka. Saa sita Mama Nafaka akaja na chai. Saa saba Mjomba akagonga kijiko kwenye sahani ya paka, na hakuja mtu.

Niliporudi kutoka shule nilikuta magunia yote yamemwagwa, sponji hadi magotini, na Mjomba amesimama katikati yake anamfokea Mama Nafaka.

"Ni wewe! Umeingia na hiyo chupa, umeuacha mlango wazi!"

"Shemeji, mlango nimefunga. Nimefunga kwa mkono wangu."

"Umemtaka siku nyingi, haya, umempata. Furahi. Tena nikwambie, mke wangu alikuwa anakuvumilia tu."

Ulimi hauna mfupa. Mama Nafaka aliokota kifuniko cha chupa, akakifunga polepole, akatoka. Vikombe aliviacha. Nilimwambia Mjomba kwamba maneno yale hayakuwa ya kweli na kwamba yeye anajua si ya kweli. Akaniambia nichukue tochi nikaangalie mitaro.

Tulitafuta Jumanne hiyo hadi giza, na Jumatano yote. Niliomba ruhusa ya siku mbili kazini, nikadanganya kwamba nina mgonjwa. Tuliangalia mitaroni, chini ya magari mabovu ya gereji, juu ya paa la muuza nyama. Mjomba alitembea na sahani na kijiko, akigonga, mtu wa miaka sitini na mmoja, na watoto wakimfuata nyuma wakidhani anauza kitu. Kwenye kona ya pili tulikutana na Mama Nafaka anatoka uchochoroni, gauni limejaa vumbi. Alikuwa amefunga duka naye anatafuta. Walipishana kama watu wasiojuana.

Jumatano alasiri simu ya Mjomba ikalia. Alikuwa Mwalimu.

"Fundi, hili kochi lako linalia."

Nilimwona Mjomba amesimama wima. Kwa muda ule hata paka alimtoka kichwani.

"Makochi yangu hayalii, Mwalimu."

"Linalia. Upande wa kulia."

"Hizo ni springi mpya, zinajipanga. Likalieni. Tafuteni watu wazito, wakae hapohapo panapolia. Kesho litanyamaza."

Usiku ule hakula. Aliniambia, bila kunitazama, kwamba ameshindwa kazi moja tu aliyoachiwa. Nilimhurumia mpaka nikasahau kwamba nilikuwa nimemkasirikia.

Alhamisi asubuhi alirudi kazini kwa sababu hakuna kingine anachojua kufanya. Alikuwa anapigilia mkanda, misumari mdomoni, simu ikalia tena. Niliipokea mimi nikaiweka kwa sauti ya juu.

"Mwambie fundi tumekaa kama alivyosema," alisema Mwalimu. "Nimemwita hadi jirani yangu mwenye duka la saruji. Sasa linalia hata asipokaa mtu. Na mke wangu anasema si springi, anasema hiyo sauti ina njaa."

Mjomba aliitema misumari yote mkononi kwa mara moja, jambo ambalo sijawahi kuliona. Alitoka bila viatu. Nilidhani anakwenda kutafuta teksi, kumbe amekwenda mlango wa pili. Nilimsikia akisema, "Shemeji, funga duka. Nimemfunga mimi. Nimempiga pini mwenyewe." Mama Nafaka hakuuliza amefunga nini wala nani. Alivua aproni.

Kwa Mwalimu tulilikuta kochi katikati ya sebule na familia nzima imekaa sakafuni, imelizunguka. Tulilipindua. Mjomba alitoa kisu chake, lakini kisu kiligonga mbao mara mbili bila kugusa kitambaa. Mama Nafaka alimnyang'anya, akachana tumbo lote kwa mkupuo mmoja, akalala kifudifudi na kupitisha mkono ndani ya mkono wa kochi hadi begani. Alikaa hivyo muda mrefu, akinong'ona. Kisha akamvuta.

Mkaguzi alikuwa amebaki nusu yake. Manyoya yalishikana kwa gundi, jicho moja halifunguki, sauti imekauka. Lakini alikuwa hai, na alipowekewa maji alikunywa hadi tukamzuia. Mwalimu alisimama pale anapangusa miwani. "Na mimi nilimkalia," alisema. "Fundi alisema tumkalie." Hakuna aliyecheka, ingawa tulikuja kucheka sana baadaye.

"Nilikutukana," Mjomba alimwambia Mama Nafaka, bado amepiga magoti.

"Ulinitukana."

"Mke wangu hakuwa anakuvumilia tu. Alikupenda."

"Hilo nalijua, sikuwa nakungoja wewe uniambie," alisema Mama Nafaka. "Nyanyuka, magoti yako hayo."

Tulirudi nyumbani adhuhuri. Mjomba alifungua mlango wote, akauwekea tofali usijifunge, akamweka paka chini. Mimi nilidhani Mkaguzi angekimbia hadi mwisho wa dunia. Aliingia chini ya meza ya kukatia akajikunja, akiitazama barabara kwa jicho lake moja.

"Mwache," alisema Mama Nafaka. "Atatoka akitaka, asipotaka basi."

Mjomba alikuwa amesimama pale kizingitini, hayuko ndani hayuko nje.

"Aliniomba nimtoe," alisema.

Nilidhani anaongelea paka.

"Mke wangu. Wiki zile tatu za mwisho, kila asubuhi. Alitaka nimwekee kiti barazani, awaone watu wanavyopita. Nikamwambia kuna vumbi. Nikamwambia kuna baridi. Nikamwambia kesho. Nilidhani nikimficha vizuri ndani hatakufa. Amekufa anauangalia ukuta, shemeji, na ukuta wenyewe sikuupaka hata rangi."



"Najua," alisema Mama Nafaka.

"Unajua nini?"

"Nilikuwa naingia kumwona ukienda kununua mbao. Aliniambia. Nikamwambia ngoja huyo arudi, leo nitamsema. Akanikataza. Akasema, mwache, usimseme, anaogopa."

Mjomba alilia. Makaburini hakulia, wala siku zile zote za matanga, lakini siku ile alilia kwa sauti, mchana, mlango wazi, na wapita njia wakigeuka kutazama. Mimi sikujua niweke wapi mikono yangu. Mama Nafaka aliingia ndani akachukua kiti cha mbao, akakitoa barazani, akakisogeza mpaka kilipokaa sawa.

"Njoo ukae," alimwambia.

Mjomba akakaa, akawaangalia watu wakipita.