Asante Iliyotolewa kwa Mgongo

Juzi hapa Tororo nilimwona kibarua wa kiwanda cha saruji akimtafutia chumba mkewe aliyejifungua. Mama mkwe wake, aliyekuja kutoka Busia kulea mjukuu, alisimama kando na kikapu chake.

"Chumba iko moja tu," mjane mwenye nyumba alisema.

"Mama, na mkwe? Kwetu hatulali naye paa moja," kijana akasema.

Wazungu waliopanga mji huu walihesabu vibarua, wakapima chumba kimoja kwa kila mmoja, wakasahau kuwa vibarua wana wakwe.

Mjane akacheka, akampokea mama mkwe kikapu. "Huyu atalala kwangu. Kodi ni ile ile."

Kijana alitaka kushukuru, lakini mkwe hatazamwi usoni, na mjane na mkwe sasa walisimama pamoja. Akageukia ukuta. "Asante, mama," akauambia.

Nimeshukuriwa mara nyingi uso kwa uso. Hakuna asante niliyoiamini kama ile.